Mkojo wa Rangi ya Ukwaju

Mimi ni mtu wa kukaa. Nasema hivi bila haya, kwa sababu kukaa ndiyo kazi yangu. Nashona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vishimo vidogo vidogo, na kofia moja yaweza kunikalisha kitako miezi kabla haijapanda kichwani mwa bwana harusi. Tangu nitoke kidato cha nne nimekaa kwenye daka la nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, yaani kile kibaraza cha mlangoni, mto mgongoni, sindano mkononi, kahawa ubavuni. Safari yangu ndefu ya kila siku ilikuwa kwenda msikitini na kurudi, na msikiti wenyewe naweza kuurushia kandambili nikaupiga. Mke wangu, Bi Esha, alikuwa akisema punda wa mtaani wanadhani mimi ni sehemu ya ukuta.

Lakini nilikuwa mzima. Sukari sikuwa nayo, presha sikuwa nayo, hospitali nilikwenda kuona watoto wa watu waliozaliwa. Naomba mlikumbuke hilo, maana huko mbele kuna mtu atasema vingine.

Naandika kwa sababu wauguzi walionitunza waliniomba niandike, na kwa sababu kila wikendi ya mbio inapokaribia nawaona watu wazima na ndevu zao wananunua raba mpya, na mimi moyo unanidunda kuliko wao.

Mtu niliyemtaja anaitwa Famau. Tulikaa dawati moja sekondari, na tangu siku hizo amejipa kazi ya kunichokoza, bila mshahara wala likizo. Anauza simu na vikorokoro vyake karibu na gati. Hutembea kifua mbele, na mkononi ana saa ya kuhesabu hatua, ambayo huivaa hata akiwa amekaa.

Hiyo wikendi ya mbio iko hivi. Ijumaa baada ya Alasiri watu hukimbia ukingoni mwa bahari kutoka mjini hadi Shela. Jumamosi asubuhi hupanda na kushuka milima ya mchanga iliyo nyuma ya Shela. Jumapili hukimbia ule ufuo mrefu wa kuelekea Kipungani. Ni mbio tatu, kwa timu ya watu watatu, na wote watatu lazima wamalize zote. Mmoja akishindwa, timu nzima imetoka. Famau alikuwa na mwenzake Kassim, nahodha wa boti, mtu mpole asiyesema ila akiulizwa. Mtu wao wa tatu alipata kazi Nairobi akaondoka. Ndipo Famau akaja kwangu.

"Bi Esha!" akaita, akipitisha sauti juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kizingiti. "Nimekuja kumwazima mumeo."

"Wamwazima wa nini?"

"Wa kukimbia."

Bi Esha alicheka. Sikumlaumu, hata mimi ningecheka. Lakini alicheka mpaka akashika mlango.

"Waona?" Famau akanigeukia. "Hata mkeo ajua. We Athmani ni kuku wa mayai. Umeatamia hapa tangu tutoke shule, na hata yai moya hatujaliona."

Kama tungekuwa peke yetu ningemjibu kwa ncha ya sindano. Lakini jirani yangu Mzee Bunu alikuwa dakani kwake anasikiliza, na wapita njia walisimama, na mwanamke mmoja akarudia "kuku wa mayai" kwa sauti ya mtu anayeonja kitu kitamu. Nikasema, "Niandike."

Neno moja tu. Lilikaribia kunizika.

Ijumaa nilikimbia. Sitawadanganya kwamba ilikuwa vibaya. Nilifika Shela karibu na mwisho, nyuma yangu kukiwa na mzungu mmoja aliyesimama kupiga picha na mtu aliyechanika kiatu. Mapaja yalikuwa yakiwaka, nikaona ni kawaida. Famau alinikataza maji. "Ukinywa mai mengi tumbo litakuwa ndoo," alisema. Basi nikanywa juisi ya ukwaju, glasi baada ya glasi, kwa kuwa ni tamu na ni baridi. Jioni nikanunua vidonge vya maumivu dukani, nikameza kama mtu anayetafuna karanga.

Jumamosi ndiyo iliyonimaliza, ingawa siku hiyo sikujua. Kupanda mlima wa mchanga ni taabu, mguu unaingia mpaka kifundoni na kila hatua unarudishwa nusu. Lakini kushuka ndiko kuliko kubaya zaidi. Kila hatua paja linajaribu kukuzuia usiporomoke, na mimi mapaja yangu hayakuwahi kuzuia kitu chochote isipokuwa mto. Tulipanda na kushuka, tukapanda na kushuka, jua limetusimamia kichwani. Famau alikuwa nyuma yangu akipiga makofi.

"Shuka! Shuka! Kuku naye ana mbawa!"

Kina mama wa Shela waliokuja kutazama wakalidaka neno hapo hapo. Nilishuka mlima wa mwisho kwa wimbo wa kuku, watu wazima wakiuimba.

Magharibi nilikwenda msikitini nikiburuta miguu. Rukuu ya kwanza niliipata kwa kushika magoti. Kwenye sijda nikashuka vizuri, nikasema yangu, imamu akatoa takbiri ya kuinuka, nikataka kuinuka. Miguu haikuitika. Nikasukuma kwa mikono, wapi. Watu wakaendelea, wakamaliza, wakatoa salamu, mimi paji la uso liko kwenye mkeka. Nikasikia mtu nyuma anamnong'oneza mwenzake, "Mashaallah, mbio zimemzidishia imani." Ni Kassim aliyeniinua kwa kunishika kwapani.

Sasa hapa ndipo tulipofanya kosa la kwetu, na nalieleza polepole ili mlisikie. Huku kwetu mtu akiumwa na mguu, mgongo au shingo, hakuna anayewaza daktari. Anawaza kukandwa. Mzee Bunu jirani yangu ndiye mkandaji. Manahodha wote wamepita mikononi mwake, na wengi wamesimama wima kwa sababu yake, hilo sikatai. Nililazwa dakani kwake juu ya jamvi. Akapasha mafuta ya simsim, akatia na chumvi ya moto kwenye kitambaa.

"Mishipa imefungana," alisema akibonyeza. "Vumilia, mwanangu."

Mapaja yangu yalikuwa yamevimba na kuwa magumu kama gogo la mkoko. Alipoyakamua nililia, na si kulia kwa adabu. Famau alisimama pembeni na simu yake anarekodi. "Mkamue, Mzee, kesho twamtaka," alisema. Mzee Bunu akakamua kwa nia njema kabisa. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Zidisha."

Nyumbani nikaenda chooni. Kuchutama kulikuwa hakuwezekani, nikasimama nimeegemea ukuta. Nikakojoa kidogo sana, na kile kilichotoka kilikuwa cha hudhurungi, kizito, rangi ya ukwaju kabisa. Nilikitazama. Nikasema moyoni: huo ni ukwaju niliokunywa. Kichwa cha mwanamume anayetaka kumaliza mbio hakikosi sababu. Nikamwaga maji, nikatoka, na sikumwambia mtu. Nani anamwambia mkewe rangi ya mkojo wake?

Jumapili asubuhi Bi Esha aliniona navaa kaptula nikiwa nimelala chali, maana kukaa sikuweza.

"Baba Rukia, usende."

"Nisipokwenda timu inatoka."

"Na itoke! Hiyo timu yakupikia?"

Nilitaka kubaki. Wallahi nilitaka. Lakini Famau alikuwa tayari mlangoni, na hakuniambia mimi, aliuambia mtaa. "Akikaa yeo, watu wasiseme hawakuambiwa kuwa ni kuku." Nikameza vidonge vingine, nikatoka.

Ule ufuo sikufika nao mbali. Mchanga mbichi ni mgumu, nikadhani utanisaidia. Nilikwenda kama mtu anayetembea juu ya miguu ya kukodi. Kisha goti la kulia likaachia, na la kushoto likalifuata, nikakaa kitako, maji ya bahari yakinipita chini ya makalio. Nilijaribu kuinuka. Si kwamba nilihisi maumivu nikaacha. Niliipa miguu amri na haikuja. Nikaanza kutapika.

"Inuka, acha mashauzi!" Famau alirudi, simu mkononi. Alikuwa anacheka, lakini uso wake haukuwa na kicheko. "Kuku ameanguka! Jamani, njooni muone kuku ameanguka nje ya banda!"

"Famau, sijiwezi."

"Hujiwezi tangu lini? Tangu uzaliwe!"

Kassim aliyekuwa mbele akasimama. Famau akampigia kelele aendelee, kwamba nitainuka tu. Kassim alirudi, akanitazama macho, akanitia mabegani kama gunia la mkaa, akanipeleka kwenye boti yake. Nyuma yetu Famau alirusha kofia chini. Timu ilikuwa imetoka. Hilo ndilo lililomuuma.

Hospitali ya mjini nilipokewa na daktari msichana mwenye sauti ya chini. Alinibonyeza mapaja kwa kidole kimoja tu, nikapiga ukelele. Kisha akauliza, "Bwana Athmani, mkojo wako una rangi gani?"

Bi Esha alikuwa pale, na Kassim, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amegeuza kichwa kusikiliza. Nikaona haya. "Daktari, hayo ni mambo ya mtu na choo chake."

"Basi yatakuwa mambo ya mtu na kaburi lake," akasema. Hakutabasamu. "Una rangi gani?"

"Wa ukwaju."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Lakini daktari, nilikunywa ukwaju."

Akapumua. Akatueleza. Misuli ya mapaja yangu, kwa kulazimishwa kazi isiyoizoea, ilikuwa imevunjikavunjika ndani kwa ndani, na takataka zake zimeingia kwenye damu. Damu hupita kwenye figo kuchujwa, na figo zangu zilikuwa zimeziba. Vidonge vya maumivu juu ya mwili usio na maji vimeziumiza zaidi. Na kukandwa kule kumezidi kuikamua misuli iliyokwisha kuvunjika, takataka zikasukumwa damuni.

"Kama kifumbu," akasema Bi Esha polepole. Kifumbu ni kile kichujio cha kuchujia tui. "Kimejaa machicha, tui halipiti."

"Hivyo hivyo, Mama," daktari akasema. "Na lisipopita, tutampoteza."

Nilitundikiwa maji ya mshipani. Yaliingia, hayakutoka. Kesho yake uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari. Kwikwi ilinishika ikakataa kuniachia. Mdomoni nilikuwa na ladha ya msumari. Mkojo sikupata tena, hata wa ukwaju, na niliukumbuka kama mtu anayemkumbuka jamaa aliyesafiri bila kuaga. Daktari akasema niende Mombasa nikasafishwe damu kwa mashine, na niende sasa hivi. Tulivuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, tukapanda gari la wagonjwa. Njia nzima Bi Esha alinisomea Yasini kwa sauti ya chini, na kila gari liliporuka nilipiga kelele nikamkatiza, naye akaanza aya upya.

Mombasa walinitia mpira shingoni. Nikaiona mwenyewe damu yangu ikitoka nje ya mwili, ikizunguka kwenye mashine kubwa kama kabati, na kurudi. Nilisikia baridi mpaka meno yakagongana. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Kilifi, mwembamba, ambaye amekuwa akija kwenye mashine ile kwa miaka. Akaniuliza kilichonileta.

"Nilikimbia," nikasema.

"Ulikuwa ukimkimbia nani?"

"Hakuna. Mbio tu. Na marafiki."

Aliutazama mpira wa shingoni mwangu. "Mimi mafigo yangu yaliharibika kwa presha, sikuyachezea. Wewe umeyachukua mazima ukaenda ukayatupa mchangani?" Akageukia ukuta. Hakusema nami tena siku ile. Famau alinitukana miaka yote na sikumbuki nusu yake, lakini maneno ya mama yule naweza kuyarudia nikiwa usingizini.

Walinipimia maji ya kunywa kwenye kikombe kidogo, basi mpaka kesho. Mimi niliyekatazwa maji na Famau, sasa nimekatazwa na madaktari, na safari hii kwa haki. Nililamba mdomo wa kikombe. Niliota jabia la msikiti wetu, lile birika kubwa la maji, nimezama ndani na mdomo wazi. Miguu ilikuwa kama imeshonewa mtu mwingine. Kugeuzwa kitandani nilihitaji watu wawili. Kwenda haja kubwa nilihitaji mke, na hilo sitaki kulieleza, ila niseme kwamba mtu aliyekusafisha huwezi tena kujifanya bwana mbele yake.

Siku moja binti yangu Rukia akamtumia mamake video. Ilikuwa imezagaa Lamu nzima. Niko mchangani, natapika, na sauti ya Famau inasema kuku ameanguka. Chini yake watu wameweka vicheko. Na Famau, ambaye hakuja kuniona wala kupiga simu, alikuwa amesema kwenye kundi la wakimbiaji: "Athmani alikuwa na maradhi yake ya zamani, alikuwa akiyaficha. Mbio hazimuui mtu." Watu wakaamini. Mtu wa kukaa akianguka, nani atauliza zaidi?

Bi Esha aliizima simu. "Mimi ndiye niliyecheka kwanza," akasema. Nikamshika mkono, nao ulikuwa baridi kuliko wangu.

Nilimuuliza daktari wa Mombasa kama figo zangu zitarudi kufanya kazi. Alisema zaweza kurudi, na zaweza zisirudi, na kwamba hata yeye anasubiri. Nilimchukia kwa jibu lile. Sasa naliheshimu. Nilitaka anidanganye, akakataa.

Tulikaa tukisubiri kitu kidogo kuliko vyote anavyoweza kuomba binadamu. Mimi nilikuwa nikiombea harusi za watu, safari za watu, kofia zinunuliwe. Sasa dua yangu ilikuwa moja: Ya Rabbi, nipe mkojo.

Ulikuja asubuhi moja, bila kubisha. Niliomba chupa kwa mazoea tu, na chini ya chupa pakatokea kiasi cha kuloesha kidole. Kesho yake ukazidi. Keshokutwa ukajaa, mweupe, mwepesi, kama maji ya mvua. Bi Esha akaibeba ile chupa kama anabeba kombe la dunia, akampigia dadake Lamu, na kwa sababu dadake ni mzito wa sikio kidogo, wodi nzima ilisikia, na mtaa mzima wa Mkomani ukasikia baada yake: "Baba Rukia amekojoa! Nasema amekojoa!" Mama wa Kilifi akageuka kutoka ukutani. "Hongera," akasema. "Usiutupe tena." Naye hakuwa na tumaini la wake. Namwombea mpaka leo.

Nilirudi nyumbani na fimbo, paja moja lingekaa ndani ya kiganja. Nilisali juu ya kiti kwa muda mrefu. Mitaani watoto waliniita Bwana Mkojo, na wanaendelea. Famau akipita alitoa salamu, nami nilirudisha ile salamu ya wajibu, wala herufi moja zaidi.

Mzee Bunu ndiye aliyekuja kwa miguu yake. Aliketi kwangu, mikono ameiweka magotini kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nambie, mwanangu. Ningejuaje?"

"Hungejua, Mzee. Mimi ndiye niliyekuwa najua na sikusema. Ila sasa, mtu akija na paja gumu baada ya kazi asiyoizoea, muulize kwanza mkojo wake. Ukiwa mweusi, usimguse. Mpeleke."

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Tangu hapo kila anayelala juu ya jamvi lake lazima aulizwe, na wengine wamekasirika wakaondoka.

Mwaka wa pili wikendi ile ikarudi. Mimi nilikuwa dakani, na kofia ya mtu, na nimeapa sitatazama. Jumamosi baada ya Adhuhuri nikasikia kelele. Famau anakuja juu ya punda, miguu inaning'inia, watu wamemzunguka wanamsifu, Kassim nyuma yao. Mwaka huo waliruhusu na wasio na timu, naye alikuwa amejiandikisha peke yake, na mlima wa mchanga alikuwa ameupanda na kuushuka mara mbili ya wengine, kwa ushindani na kijana mmoja wa Shela. Wakamteremsha. Hakusimama. Wakamlaza kwenye jamvi la Mzee Bunu, hatua chache kutoka kwangu.

"Nikande, Mzee," alisema, "kesho nna mbio."

"Mkojo wako una rangi gani?" Mzee Bunu akauliza.

Watu wakaangua kicheko, na Famau naye akacheka. "Mzee naye ameambukizwa na Bwana Mkojo! Kanda bwana."

Nataka nieleze ukweli wa moyo wangu. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa raha. Nilimwona amelala pale pale nilipolala, na nikasema: kaa, Athmani, shona kofia yako. Mzee Bunu, mkande. Sindano ilikuwa katikati ya kishimo. Kisha nikaona anavyojishika paja, kwa viganja viwili, kama anayezuia kitu kisitoke. Nilikuwa naujua ule mshiko. Nikainuka, na fimbo yangu, nikaenda nikasimama juu yake.

"Umeulizwa."

"We Athmani, usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu? Mimi nimetapika kwenye simu ya kila mtu kisiwani. Wewe sema rangi tu."

"Nenda ukaatamie."

Mzee Bunu akaifunga chupa yake ya mafuta. "Asiyesema simkandi," akasema, akaingia ndani akafunga mlango. Famau akabaki juu ya jamvi na mapaja yake, na watu hawakujua tena wacheke wapi. Niliinama kadiri goti lilivyokubali, sikio langu likawa mdomoni mwake. Nilisikia anavyohema.

"Kahawa," akaninong'oneza. "Tangu asubuhi. Athmani, ni kama kahawa."

Sikumtangaza. Nilisema tu, "Kassim, boti," na Kassim alikwisha kuondoka zamani kuitayarisha.

Waliwahi kumtundikia maji, na figo zake hazikuziba. Mashine hakuiona. Nilikwenda kumtazama wodini, nikaketi.

"Famau," nikamwambia, "umelala kama kuku wa mayai."

Akacheka, kisha akashika paja kwa maumivu. Hakuniomba radhi. Ile video hajaifuta. Mimi sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Hilo naliachia Mola. Lakini alipotaka kukojoa mkono wake ulikuwa umefungwa mpira wa maji, na muuguzi alikuwa mbali. Nikamshikia chupa. Tukaitazama pamoja, vichwa viwili juu ya chupa moja, kama wakati ule tuliposoma kitabu kimoja darasani. Ilikuwa njano. Njano nzuri, safi.

Alhamdulillahi. Nawashukuru daktari yule wa mjini aliyeuliza bila kuona haya, na wauguzi wa mashine, na Kassim ambaye atakasirika kujikuta humu, na Mzee Bunu aliyefunga chupa yake. Bi Esha simshukuru kwa maandishi, namshukuru kwa kuchota maji mwenyewe siku hizi.

Na wewe uliyenunua raba mpya, kimbia ukitaka, sikukatazi. Anza kidogo, mwili uzoee. Kunywa maji, usimsikilize mwenye saa ya kuhesabu hatua. Vidonge vya maumivu usivitafune ili uendelee kukimbia. Paja likiwa gumu kama gogo, lisikandwe na mtu, hata awe bingwa. Na kila ukienda chooni, washa taa utazame. Ukiona ukwaju, kahawa, au cola, usitafute ulichokunywa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukiulizwa, sema.

Mimi nipo dakani. Ukipita Mkomani karibu kahawa, ila usinieleze habari za mbio zako. Kuna swali moja tu nitakalokuuliza, na nitakuuliza kwa sauti.